Ukuni wa Ijumaa

Msaka mkata miti, atue ukuni wake. Kumbe neno hilo ndilo lililowaleta hapa mbio mbio, hata shikamoo yenyewe mmenipa nusu? Marahaba, marahaba, nimeshaitikia. Vueni viatu vyenu vya matope, kaeni. Maharage yangu hayo hapo kwenye ungo, kila mmoja achote konzi lake achambue huku anasikiliza. Mimi siwasimulii watu waliokunja mikono.

Nimewaelewa vizuri. Mwalimu wenu wa mazingira amewakuta mnaandika mabango ya kwenda kuwaimbia wafyatua matofali wa kule bondeni, kwa sababu wanakata miti ya kuchomea tanuru zao. Mkangoja awapigie makofi. Badala yake amesoma mabango, akasema maneno hayo, akatoka darasani bila kuwatazama. Sasa mnataka kujua alikuwa na maana gani, na mmoja wenu, nimemsikia, anasema, "Si ni sawa tu na nyani haoni kundule, Bibi?" Mh! Inakaribia, lakini siyo. Nyani anachekwa. Hii yetu haimchekeshi mtu. Ilizaliwa hapa hapa Irindi, mbele ya mlango ule mnaouona ng'ambo ya mfereji, na waliokuwepo siku ile wakiitaja hushusha sauti mpaka leo. Chanzo chake ni hiki.

Wakati huo shule yetu ilikuwa na jina. Ilikuwa na Klabu ya Mazingira iliyosifiwa wilaya nzima. Aliianzisha Mwalimu Bwire, kijana aliyetoka huko Musoma, mtu mwenye moyo safi na haraka nyingi. Alipaka ukuta wa mbele ya shule chokaa, akaandika kwa herufi kubwa, TUTUNZE MITI ITUTUNZE, na watoto wakatunga nyimbo mpaka sisi wakubwa tukawa tunaziimba shambani bila kujijua. Kiongozi wa klabu alikuwa msichana wa darasa la saba aliyeitwa Nakundwa. Ah, huyo mtoto! Alikuwa na sauti ya kusikika mlima wa pili, na akisimama kuzungumza hata mtendaji wa kijiji alikaa sawasawa kwenye kiti.

Nakundwa alilelewa na babu yake mzaa mama, Mzee Senkondo, kwenye nyumba ile ile ninayowaonyesha. Senkondo alikuwa mtu wa dawa za miti. Alibambua magome, akayaanika juani, akawatibu watu tumbo na kikohozi. Dawa yake ilikuwa nzuri, mdomo wake ndio ulikuwa mbaya. Angeweza kukufokea kwa sababu umemwamkia kwa sauti kubwa, na kesho akufokee kwa sababu umemwamkia kwa sauti ndogo. Hakuwa na marafiki wengi. Lakini yeye alimpenda mjukuu wake, na asubuhi kabla mtoto hajaenda shule alimpikia uji yeye mwenyewe, mzee mzima, hataki msaada wa mtu.

Sasa, mnaijua Kitala? Mnaijua ya leo. Ile ya zamani ilikuwa kichaka kizito pale juu ya kijiji, mikuyu na miringaringa imeshikana mikono, na katikati yake ndipo chemchemi yetu inapotokea. Maji yale yanashuka yakijaza ndiva, lile bwawa la udongo walilotuachia wazee wetu, na kutoka kwenye ndiva kila nyumba ina zamu yake ya kufungulia maji shambani. Ndivyo tunavyoishi huku Upareni. Mvua ikichelewa, ndiva ndiyo mama. Pembe ya msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, ikilia, kila mtu anashika jembe aende kuzibua matope, na asiyekwenda hana la kusema mbele za watu. Na adhabu kubwa kuliko zote ni kufungiwa zamu yako. Mtu aliyefungiwa ndiva ameambiwa ahame, ila kwa lugha ya adabu.

Basi shule ile ilikuwa inapika. Uji asubuhi, makande mchana. Na kila Ijumaa kila mwanafunzi alileta ukuni mmoja. Mmoja tu, unene wa kifundo cha mkono. Sisi wazazi hatukuona tatizo. Ukuni mmoja ni nini? Hata mtoto wa darasa la kwanza anaubeba begani huku anarusha mawe.

Mwanzoni walileta chochote, kavu na mbichi. Klabu ilipopata nguvu, siku moja kwenye kikao Nakundwa alinyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, sisi tunaimba tusikate miti, halafu jikoni kuna kuni mbichi. Tuweke sheria. Kuni kavu tu. Atakayeleta mbichi arudi nazo kwao." Mwalimu Bwire alifurahi, akampigia makofi, na klabu yote ikapiga. Sheria ikaandikwa kwenye ukuta wa jiko. Tangu Ijumaa iliyofuata, mwalimu wa zamu akawa anasimama mlangoni anakagua, anabonyeza ganda kwa kucha, na mtoto mwenye ukuni mbichi anarudishwa njiani bila uji.

Msicheke. Sheria ilikuwa nzuri, na mimi mwenyewe niliisifu.

Watoto wakaokota matawi makavu yaliyoanguka Kitala, maana Kitala ilikuwa njiani. Yakaisha. Watoto wengi, Ijumaa haikosi kuja, na matawi hayaanguki kwa kuombwa. Sasa mtoto mwenye njaa ana akili ya kujinusuru. Sijui nani aligundua kwanza, na hakuna aliyewahi kujua. Waligundua kwamba ukiuchukua mti mchanga, ukaubambua gome lake kuuzunguka pande zote, hauanguki. Unabaki umesimama, unanyauka, unakauka taratibu. Ukirudi baada ya muda unauvunja kwa goti, na ukifika shuleni kucha ya mwalimu haioni ubichi wowote. Kavu kabisa! Sheria imefuatwa.

Basi kila mtoto akawa na miti yake huko ndani. Anabambua mmoja leo, anavunja ule wa siku zile. Hawakuona kama wanakata miti. Panga halikuguswa. Na kila mmoja moyoni mwake alijua ni mmoja tu.

Kiangazi kilichofuata chemchemi ikaanza kulegea. Ndiva iliyokuwa ikijaa mpaka ukingoni ikawa inafika kiunoni, kisha magotini. Zamu zikawa fupi, kina mama wakaanza kutukanana kwenye mfereji. Wazee wa ndiva wakapanda Kitala kutazama kulikoni, na wakashuka wakisema miti imekwisha. Walikuta miti michanga imesimama mitupu, myeupe, haina gome, jua linapita mpaka chini kwenye jicho la chemchemi. Sasa niambieni nyinyi wenye akili. Katika kijiji chote, nani anabambua magome?

Naam. Na sisi tulisema hivyo hivyo.

Walimwita Senkondo. Mtu mwingine angejitetea. Yeye alisimama mbele ya wazee akasema, "Nimewatibu matumbo nyote hapa, na leo mnanitapikia mimi. Nendeni mkamuulize aliyewatuma." Akavaa kofia yake akaondoka. Lo! Kama kulikuwa na mtu wa kumtetea, alinyamaza pale pale. Wazee wakamfungia zamu mpaka shauri lake lisikilizwe kwenye mkutano wa kijiji, na ikajulikana kwamba akipatikana na hatia ndiyo basi tena, hatafunguliwa maishani. Maharage yake yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Tuliyaona yakinyauka, tukapita na ndoo zetu tukitazama upande mwingine.

Aliyeumia zaidi ni Nakundwa. Shuleni walimwita Mjukuu wa Gome. Alikuwa kiongozi wa mazingira, na adui wa mazingira alikuwa anampikia uji! Mtoto alikonda kwa aibu. Akaacha kupita njia moja na babu yake. Siku moja mzee alimpelekea jembe alilolisahau, akasimama mlangoni pa darasa amelishika, na Nakundwa akamtuma mwenzake akalipokee, yeye akainamisha kichwa kwenye dawati kama hajamwona. Mzee alielewa. Akampa yule mwenzake jembe, akarudi zake. Hata mimi niliyekuwa simpendi sana nilimwonea huruma siku hiyo, maana nilikutana naye njiani nikamwamkia, naye akaitikia kwa upole. Nikajua mtu huyu amevunjika.

Mtaniuliza, je, Nakundwa mwenyewe hakuwa na mti huko Kitala? Alikuwa nao. Lakini kwake yeye mti wake ulikuwa mmoja, na kichaka kilichokauka kilikuwa kizima. Hakuwahi kuviweka pamoja kichwani. Alibambua wake, akauacha, akaenda kuongoza wimbo.

Ikafika wiki ya mazingira. Mwalimu Bwire akapanga maandamano yafanyike Ijumaa. Watoto wakutane asubuhi Kitala waione miti iliyouawa, kisha washuke kijijini na nyimbo zao, wamalizie shuleni. Na kwa kuwa ni Ijumaa, akawaambia waje moja kwa moja na kuni zao, wasipoteze muda wa kurudi nyumbani. Alipanga vizuri kila kitu, masikini. Huko Kitala watoto waliona miti mitupu, wakachemka. Wakubwa wakaanza kupiga kelele kwamba maandamano yapite kwa Senkondo, wakamwimbie mlangoni kwake, ajue.

Mwalimu alisita. Alimvuta Nakundwa pembeni, akamwambia, "Wewe unaweza kubaki nyuma. Au nenda shuleni utusubiri. Hakuna atakayekulaumu."

Nakundwa akajibu kwa sauti, wote wasikie, "Mazingira hayana babu, Mwalimu."

Jamani! Watoto walishangilia mpaka tukasikia huku chini. Na Mwalimu Bwire, Mungu amsamehe, alishangilia pia. Akamkabidhi bango la mbele.

Basi wakashuka. Sisi tulikuwa mashambani, tukaacha majembe, tukawafuata, maana fitina ina miguu. Watoto wamepanga mistari, sare zimefuliwa, mabango juu, kila mmoja na ukuni wake begani, na mbele yao Nakundwa, bango mkono mmoja, mkono mwingine umeshika ukuni mnene kuliko za wote. Wimbo ulikuwa unasema, "Mkata miti toka, toka tukuone." Wakafika pale mlangoni, wakaimba, wakapiga miguu chini mpaka vumbi likapanda.

Mzee Senkondo akatoka. Alikuwa amevaa koti lake lile lile. Sisi tuliokuwa nyuma tukajisogeza, tukingoja matusi, maana tulijua mdomo wake. Akawatazama watoto, akayatazama mabango. Hakuweza kusoma vizuri, lakini mjukuu wake alimwona mbele kabisa, na hilo halihitaji kusoma. Wimbo ukapungua wenyewe, ukaisha.

Mzee akasema, "Mmefika nyumbani kwa mtu na mizigo begani?"

Akaonyesha kidole chini, mbele ya mlango wake.

"Nyumba hii haijawahi kumsimamisha mtu na mzigo. Hata mama yenu akija kunitukana, ataanza kutua. Tueni kuni zenu hapo. Mkishatua, mtaniimbia mpaka mchoke."

Mnajua desturi hiyo. Mtu akifika kwako na mzigo, unamtua kwanza, maneno baadaye. Na watoto wale, pamoja na yote, walikuwa wamelelewa. Wakaanza kusogea mstari kwa mstari, wanatua. Ukuni mmoja hapa, mwingine juu yake. Tukasikia zinalia, ko, ko, ko. Rundo likafika magotini. Likafika kiunoni. Wadogo wakawa wanarusha kwa sababu hawafiki juu. Mistari ya nyuma bado inakuja.

Mzee Senkondo hakuwa na mpango wowote. Alikuwa anataka wapumzike mabega, basi. Ni mama mmoja, jirani yangu Namcha, aliyekuwa amesimama karibu, ndiye aliyeinama akaokota ukuni mmoja, akaugeuza. Akaokota mwingine. Nikamwona anaangalia, mdomo umemwanguka. Na mimi nikasogea, na wengine. Kuni zote zilikuwa nyeupe. Zote nyembamba, miti michanga mitupu, na kwenye kila mmoja, karibu na pale palipovunjwa, palikuwa na mstari wa gome uliobaki, umezunguka kama pete.

Namcha akamuuliza mtoto aliyekuwa karibu, "Mama, ukuni huu umeutoa wapi?"

"Kitala," mtoto akajibu.

"Na wewe?"

"Kitala."

"Uliukuta umeanguka?"

"Hapana, mama. Niliubambua zamani ukakauka. Mbichi tumekatazwa." Mtoto yule alisema vile kwa fahari kabisa, kifua mbele, kama anayejibu swali la darasani. Wenzake wakadakia, na mimi, na mimi, wangu ule wa pale kwenye jiwe, mpaka mmoja mkubwa akaelewa kinachosemwa akamkanyaga mwenzake mguu.

Hapo ndipo tulipolitazama lile rundo sawasawa. Wazee waliopanda Kitala walirudi wakisema miti imekwisha, na sasa tulikuwa tunaona ilikokwenda. Ilikuwa imelala pale mlangoni kwa mtu tuliyemfungia maji. Na hiyo ilikuwa Ijumaa moja tu, wajukuu zangu. Moja.

Nakundwa alikuwa hajatua. Wote walikuwa wametua isipokuwa yeye. Bango lilikuwa limeshaanguka, lakini ukuni ameung'ang'ania kifuani kwa mikono miwili, ule mnene, maana kiongozi lazima awe mfano. Uso umemshuka, anatazama chini. Hakuna aliyemsogelea.

Babu yake akamwita kwa jina. "Nakundwa. Tua, mama. Utachoka."

Akapiga magoti akauweka. Hakuutupa, aliuweka taratibu juu ya rundo, ukateleza, ukaanguka, akauweka tena. Kisha akasema, na ile sauti ya kusikika mlima wa pili ilikuwa haifiki hata hapo nilipokuwa, "Babu, ni sisi. Sheria niliitunga mimi."

Tulidhani sasa ndipo atamtukana. Ana haki yote. Mzee akamuuliza, "Leo umekunywa uji?"

Mtoto akatikisa kichwa. Alikuwa ameondoka bila kuaga, asinywe uji wa mtu anayekwenda kumwimbia. Mzee akageuka akaingia ndani, tukasikia anagongagonga sufuria. Nakundwa akalia pale chini. Alilia vile mtu anavyolia msibani, na mimi nawaambia ukweli, hakuna mtu mzima aliyekuwa na uso wa kumwambia nyamaza. Mwalimu Bwire alikuwa amevaa fulana ya klabu yenye maneno kifuani. Alikunja mikono juu ya yale maneno, akayafunika, akasema peke yake, "Na makofi nilipiga mimi."

Uji wa Ijumaa ile haukupikwa shuleni. Nani angezigusa kuni zile? Zilibaki pale pale zikaliwa na mchwa.

Wazee wa ndiva walikuja kwa Senkondo siku hiyo hiyo, wakamrudishia zamu yake na kumwomba radhi. Alipokea. Lakini zamu ya maji gani? Ndiva ilikuwa imebaki tope la vyura. Maharage yake yalikuwa yamekwisha, na yetu yakafuata. Mwaka ule tulikula unga wa msaada Irindi nzima, na kila tulipousonga tulijua kwa nini.

Mkutano ulipoitishwa watu walikuja wamefura. Wakamgeukia Mwalimu Bwire. Aondoke! Ametuharibia watoto! Mgeni ameleta balaa! Kila mzazi alikuwa na kidole, na vidole vyote vilikuwa vinaelekea kwake. Maskini kijana amesimama mbele peke yake. Ndipo Mzee Senkondo aliposimama, na wote tukashusha vidole, kwa kuwa tulikuwa na deni la aibu kwake. Hakutukana hata neno moja. Akasema:

"Mtoto anatoka nyumbani kwako na panga hana, anarudi Ijumaa jioni, ukuni amepeleka. Kuna mmoja hapa aliyewahi kumuuliza mwanawe, umeutoa wapi? Mimi sikuuliza. Mjukuu wangu alikuwa anatoka mlangoni kwangu nao begani, namwambia wahi, utachelewa. Msimsake mwalimu. Msaka mkata miti, atue ukuni wake."

Akakaa. Tukatazama miguu yetu. Mkutano uliisha bila mtu kusema tufunge.

Mwalimu Bwire alibaki nasi miaka mingi. Shule ilitenga kipande cha ardhi yake ikapanda miti ya kuni, watoto wakajenga majiko ya udongo yanayokula kuni kidogo, na kila aliyevuna ukuni alijua umeota wapi na nani kaupanda. Kitala ikafungwa. Ile miti iliyokuwa imebambuliwa nusu, yenye gome lililobaki, Mzee Senkondo aliipaka udongo na samadi, akaifunga kwa magunia kama anayefunga kidonda. Nakundwa alikwenda naye kila jioni akimshikia ndoo. Nilikuwa nawaona wakipanda. Mwanzoni hawazungumzi kabisa, mzee mbele, mtoto nyuma. Baadaye nikaanza kusikia mzee anafoka, ndoo unaishikaje, wewe mtoto huna macho? Nikamshukuru Mungu, nikajua wamepatana.

Chemchemi ilirudi. Siyo ile. Mnaona wenyewe ndiva inavyofika kiunoni na mnadhani ndivyo ilivyokuwa tangu enzi. Sivyo.

Nini? Nakundwa yuko wapi sasa? Ebo, na nyinyi mna maswali! Nakundwa alisoma. Alikwenda chuo cha ualimu, akaolewa na Mrutu wa upande wa pili wa mlima, na walipomuuliza anataka kupangiwa shule gani, akaomba hapa. Ndiyo. Huyo huyo. Mwalimu Mrutu wenu. Mlidhani mwalimu amezaliwa na jina la mumewe?

Mbona mmeacha kuchambua?

Hapana, hakuwakasirikia. Aliwaona mmeshika mabango, akajiona yeye. Msiende kumwambia kwamba nimewasimulia, ingawa anajua nitawasimulia, maana anajua mtakuja kwangu. Hajawahi kuificha. Lakini kuisema kwa mdomo wake mbele ya watoto, hilo bado linamshinda, na mimi simlaumu.

Sasa na mimi nina swali. Wale wafyatua matofali mnaotaka kwenda kuwaimbia. Nakubali, wanakata miti, moshi wa tanuru zao nauona kutoka hapa. Darasa lenu jipya lile, linalofika madirishani, linajengwa kwa kitu gani? Na Jumatatu nilikuwa nimekaa hapa hapa nikawaona mnapita mmejipanga mnakwenda shule, kila mmoja ana kitu kichwani kwenye kata ya majani. Kilikuwa nini?

Sikusikia. Sema kwa sauti, wewe mwenye nyani wako.

Matofali. Mangapi kila mmoja? Moja tu. Naam, moja tu. Na yalichomwa kwa moto wa nini, na nani alifika bondeni akauliza?

Haya, msianze kulia kwenye maharage yangu. Sijasema darasa lisijengwe, na sijasema wale wa bondeni hawana kosa. Nendeni kwa mwalimu wenu kesho. Mwamkieni vizuri, siyo nusu nusu kama mlivyoniamkia mimi. Mabango yaacheni nyumbani. Mwambieni mmekuja kuulizana naye hilo darasa litamaliziwa kwa tofali gani ambalo halihitaji moto wa mti. Atawasikiliza. Na akiwauliza mmelipata wapi wazo hilo, msimtaje Bibi wala msimtaje babu yake. Mjibuni kwa lile neno alilowaachia mlangoni, mtaona kama hatawatazama.

Semeni basi nisikie, kabla hamjavaa viatu.

Msaka mkata miti, atue ukuni wake.